Salamu kwa Mke wa Padri

Kwako Mesiye Anselmi, Msukuma wangu,

Mimi ni mzima. Cherehani inaruka nyuzi kidogo, na goti la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi za duka la Mhindi, lakini kwa jumla ni mzima. Hali yako siiulizi. Nilikuwa mmoja wa waliokushusha, nikaona mwenyewe ulivyolala, na tangu siku hiyo sijasikia kwamba umegeuka ubavu.

Najua umekwisha kukasirika. Nimeanza na neno "mimi", nawe ulikuwa ukisema mtu mwenye adabu haanzi barua kwa kujitaja, kwamba Wafaransa wanaona ni kama mgeni aliyetanguliza tumbo mlangoni. Vumilia tu. Hii ni barua ya Mzaramo kwa mtani wake, na Mzaramo huanza na afya yake ili mwenzake asilale na wasiwasi. Tena nimeianzia juu kabisa ya karatasi, pale pale ulipokuwa ukinikataza.

Nimekaa kuandika kwa sababu ya Vero. Ulimwachia binti yako mchumba asiye na cheti cha ubatizo, na padri wenu wa Ngokolo alikwisha kusema mara tatu kwamba bila cheti hakuna ndoa, na kwamba kutafuta cheti ni kazi ya mchumba, si kazi yake. Cheti kiko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, misheni ya mapadri Wafaransa. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia sote kwamba kule hawapokei karatasi ila ya Kifaransa. Na katika Shinyanga nzima aliyejua kuandika Kifaransa alikuwa wewe peke yako, nawe ukakataa, kisha ukafa. Nataka ujue yaliyofuata. Nitayaeleza moja moja, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hutanikatiza.

Kiti chako bado kipo barazani kwa Mhindi, kando ya cherehani yangu. Mhindi aliniuliza kama anaweza kuweka mizani ya pamba mahali pale, nikamwambia aweke kichwani kwake. Watu bado wanakuja. Juzi wamekuja Warundi wawili kutoka mgodini Geita, wametembea na kupanda lori na kutembea tena, wanamtaka Mesiye, yaani 'Bwana' kwa Kifaransa, yule anayeandikia serikali ya Wabelgiji. Nikawaambia amesafiri. Wakauliza atarudi lini. Nikajifanya nina pini mdomoni.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiwafanyia watu hao. Mtu amekuja na maneno yake mawili, anataka kaka yake apewe ruhusa ya kuvuka mpaka, basi. Wewe unafuta miwani, unakunja mikono ya koti, unamwuliza anayeandikiwa ana cheo gani. Maana kadiri mtu alivyo mkubwa ndivyo barua yake inavyoanzia chini. Mwenye duka aliachiwa vidole vinne kutoka juu, Bwana Msimamizi aliachiwa nusu ya karatasi, na siku ile ulipomwandikia Askofu ulianza chini hata pakabaki nafasi ya mistari mitatu na jina. Yule Mrundi mpole aliigeuza karatasi huku na huku akauliza maneno yake yako wapi. Ukamwambia hiyo sehemu nyeupe ndiyo heshima, na heshima ndiyo anayoituma. Mimi nikasema kwamba fundi akiharibu kitambaa namna hiyo anafukuzwa, nawe ukaniambia nikashone kaptula.

Halafu zile tamati zako. Ulikuwa nazo saba, umezipanga daftarini kwa vyeo. "Nakuomba, Bwana, upende kukubali kupokea uthibitisho wa hisia zangu za heshima ya juu kabisa." Hiyo ilikuwa ya nne tu. Kulikuwa na ya mkubwa, ya mkubwa wa mkubwa, ya anayelingana nawe lakini ana gari, na ya mke wa mtu, ambayo haina neno "hisia" hata kidogo, mumewe asije na rungu. Niliwahi kukuuliza kwa nini usiandike "wasalaam" tukaenda kunywa chai. Ukasema "wasalaam" ni neno la mtu anayekimbia mvua.

Unamkumbuka yule mchimbaji aliyetaka kumwandikia mkewe Urundi? Alisema mwambie namkumbuka. Wewe ukampelekea mwanamke wa watu heshima ya juu kabisa. Baada ya miezi miwili jibu likaja, katekista wa kule kamwandikia, anauliza amemkosea nini mumewe hata awe na hasira kiasi hicho. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano, nawe hukusema nami tangu adhuhuri hadi jioni.

Ndivyo tulivyoishi. Unaniita mchuuzi wa vifungo, nakuita mla michembe, viazi vyenu vikavu. Mzaramo na Msukuma wakinyamaziana watu huuliza nani mgonjwa. Nilidhani najua kila unapoumia, maana kazi ya mtani ni kujua pa kubonyeza. Kumbe mahali pamoja sikupajua, na ndipo nilipobonyeza kwa nguvu zaidi.

Siku Bonifasi alipokuja kujitambulisha nilikuwepo, nimekaa kwenye cherehani yangu, naona kila kitu. Kijana msafi, fundi wa pampu kule mgodini, amekutana na Vero kwa shangazi yake Geita. Amekuja na wazee wawili wa kumsemea kwa kuwa ndugu zake wako ng'ambo. Ng'ombe walikwisha kukubaliwa. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi pale alipotaka kukufurahisha. Alikuwa amesikia kwamba baba mkwe anajua Kifaransa, na yeye Kifaransa amekiokota kwa mafundi wa Kongo, hajui kukiandika hata neno. Akakupa mkono, akakusalimu kwa Kifaransa, akatumia "wewe" ile ndogo.

Mimi na vijana wa baraza tulikwisha kukariri somo hilo, maana ulitufundisha bila kuombwa. Wafaransa wana "wewe" mbili. Kubwa ni ya mtu unayemheshimu, na ndogo ni ya mtoto, rafiki wa chanda na pete, na punda. Basi kijana wa watu amekuamkia kama punda mbele ya baraza zima, anatabasamu, meno yote nje. Na mimi nikacheka. Nikasema kwa sauti, "Mesiye, leo umerudi kunyonya!" Baraza zima likaangua kicheko, hata Mhindi, ambaye hakujua tunacheka nini.

Ulivua miwani ukaifuta, ukaivaa tena. Ukasema, "Kijana huyu atajifunza kwanza namna ya kunisemesha." Ukainuka ukaenda zako.

Tangu siku hiyo kalamu ikafungwa. Ndoa hukuikataa, ng'ombe hukuwarudisha, ila barua ya kuombea cheti huandiki. Bonifasi alikuja kuomba radhi akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Papa, mi sikujua, mi nasikilaka tu vile wanasema kule kazini." Ukamjibu kwa Kifaransa kirefu kiasi kwamba aliondoka hajui kama amesamehewa au amefukuzwa. Mama Vero akakupikia michembe kwa karanga siku nne mfululizo. Ukala, ukashukuru, ukakataa. Vero akaacha kuimba jikoni.

Nilidhani ni kiburi. Nakuambia kweli, nilidhani ni kiburi tu cha Mesiye, nikakichochea. Kila asubuhi nikikuona nasema, "Mtoto mchanga ameamka?" Wiki tatu kabla hujafa ndipo akili iliponiingia. Mkataba wa Bonifasi mgodini ulikuwa unaisha msimu wa pamba ukiisha, na asipokuwa na mke hapa watamrudisha kwao, na Vero atabaki na ng'ombe wa watu zizini. Nikakuambia yote hayo bila utani. Ukasema utafikiri. Kisha homa ikakushika siku ya Jumatatu, na Ijumaa nikaambiwa nisifungue cherehani.

Mazikoni sikulia. Mtani halii, ana kazi. Nilivaa koti lako jeusi, lile nililokushonea likakubana kwapani, nikavaa na miwani yako, ingawa sikuona mbele hata hatua mbili, nikasimama njiani mbele ya jeneza nikazuia watu. Nikasema huyu bwana hapiti mpaka aombwe kwa barua, karatasi nne, na tamati ya cheo cha juu. Tulipofika makaburini nikachungulia shimo, nikawafokea wachimbaji. Nikawaambia, "Chimbeni zaidi! Huyu huanzia chini!"

Watu walicheka, Mesiye. Waliokuwa wanalia walicheka. Mama Vero alijiziba mdomo kwa kanga na mabega yakamcheza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza ndani ya siku mbili kuvuta pumzi vizuri. Padri wenu, ambaye ni mgeni na mambo yetu, alimwuliza katekista kama aniitie askari. Wakwe zako wakaleta kuku wa fidia ili niachie vitu vya marehemu, kama desturi ilivyo. Nikavua koti, nikavua miwani, na kuku nikamkataa. Daftari lako la barua nikalitia kifuani na nikaondoka nalo. Hakuna awezaye kumdai mtani alichokinyakua mazikoni, na hilo unalijua.

Nililia baadaye, siku ya tatu, barazani, saa nne asubuhi, jua kali. Nilikuwa nashona shati la mwalimu, na nilipofuta macho nikaona nimeunganisha mkono wa shati na shingo. Nilikupenda sana, Anselmi. Sikuwahi kukuambia kwa sababu ungenisahihisha.

Sasa sikiliza. Siku ya kumi Vero akaja, kanga ya msiba bado kiunoni. Akapiga goti. "Shikamoo, baba mdogo. Mama amenituma, lakini hata mimi nimejituma. Daftari la baba unalo wewe. Umekaa naye miaka yote hiyo, huwezi kukosa kujua hata kidogo." Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo. Akasema, "Bonifasi anaondoka mwezi ujao." Kisha akabaki amepiga goti pale pale, na unajua wanawake wa nyumba yako walivyo.

Basi Ijumaa, nilipotoka msikitini, nikakaa kwenye kiti chako. Msamaha kwa hilo. Kifaransa sijui, lakini ulikuwa na mazoea ya kumsomea kila mteja barua yake kwa Kiswahili huku umeinua kidole, nami masikio ninayo. Ukurasa wenye doa la mafuta ya taa ndio wa kuombea vyeti, maana uliwahi kumwandikia Mnyarwanda mmoja, nikasikia yote. Kilichotakiwa ni kubadili majina tu na kunakili kilichobaki, herufi kwa herufi, kama mtu anayefuatisha chaki kwenye kitambaa.

Tatizo ni kwamba barua yako haina salamu. Inaingia moja kwa moja, Bwana, nakuomba unipatie cheti. Niliinua kalamu mara tatu, mkono ukakataa. Hata kwa Mzungu, hata kwa Kifaransa, nitamwombaje mtu kitu sijamwuliza ameamkaje? Nyumbani kwao kukoje? Mvua je? Huko kwetu mtu anayeomba kabla ya kusalimu ni mwizi au nyumba yake inaungua. Nikapekua daftari lote. Nikapata ukurasa mmoja tu wa salamu, ule wenye pembe iliyochanika, ambao dereva mmoja alimpelekea bwana wake wa zamani kule Usumbura. Nikakumbuka ulivyousoma, ulikuwa mtamu, una afya ndani yake na kumbukumbu njema, mengine yalikwisha kunitoka. Nikaunakili wote, nikauweka mbele.

Kwenye tamati nako nikakwama. Padri wa misheni ana cheo gani? Sikujua, na wa kumwuliza nilikuwa nimekalia kiti chake. Nikaona heri kuzidisha kuliko kupunguza. Nikaziweka zote saba. Na kwa kuwa heshima ni kuanzia chini, kila karatasi niliianzia katikati, zikawa karatasi tano. Chini kabisa nikaandika jina lako. Ndiyo, lako. Kule ng'ambo nani amjuaye Kondo fundi? Jina la Anselmi lilikuwa kwenye kila ukurasa wa daftari, lina mikia mizuri, mkono wangu ulikwisha kulizoea. Bonifasi akaibusu bahasha, Vero akaipeleka posta, ikapanda treni.

Wiki zikapita. Pamba ikaingia sokoni, magunia yakajaa hadi njiani, na kila gunia lililopakiwa Vero aliliangalia kama adui. Bonifasi akaja kuaga mara ya kwanza, akasema huenda akaja kuaga tena. Padri wenu akarudia maneno yake yale yale, bila cheti hakuna ndoa. Mimi nikawa sishoni kitu cha maana. Nilikuwa najiambia kwamba kama binti ya Anselmi akikosa mume, itakuwa ni kwa sababu ya kicheko changu na barua yangu, yote mawili.

Ikabaki siku sita. Tarishi akasimama mbele ya baraza na bahasha nene, imeandikwa jina lako lote kamili na neno Mesiye mbele yake bila kufupishwa. Hakutaka kunipa. Akasema, "Mwenyewe amefariki, hii inarudi." Nikamwambia mimi ni mtani wake, na kama anataka kujua mtani ni nani akawaulize waliokuwa mazikoni. Alikuwepo mazikoni. Akanipa.

Nikaichukua bila kuifungua mpaka nyumbani kwako. Wakakaa Mama Vero, Vero na Bonifasi kwenye mkeka. Nikapasua. Cha kwanza kuanguka kilikuwa karatasi ngumu yenye mhuri. Cheti, Mesiye! Jina la Bonifasi, la baba yake, la mama yake, la msimamizi wake. Vero alikishika kwa ncha za vidole, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja sana," sijui alikuwa anamwambia nani, akakimbilia nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na barua pia. Nikaikunjua nikiogopa, nikaona naielewa. Ilikuwa ya Kiswahili! Kiswahili cha Kongo, kimepindapinda kidogo, lakini Kiswahili. Padri yule ni mzee, anaandika kwamba amekaa kule miaka thelathini na kwamba kila siku anahubiri na kuungamisha kwa Kiswahili, na anauliza kwa nini ulijitesa na Kifaransa. Nikainua macho, nikamwangalia Mama Vero, naye akaangalia paa. Wewe Msukuma wewe. Miezi yote hiyo mtu yeyote angeweza kuandika, hata mimi, hata Vero.

Nikaendelea kusoma kwa sauti. Padri anasema alipoisoma barua yako alidhani macho yamemharibikia, akaisoma tena amesimama. Maana ule ukurasa wangu wa salamu ulikuwa unamwuliza mke wake mpendwa ameamkaje. Ukauliza pia kama mtoto wake wa tatu amekwisha kuota meno, na ukamshukuru bibi huyo kwa chakula chake kitamu. Bonifasi alianguka ubavu kwenye mkeka. Mimi nilitamani ardhi inifunike pale pale mbele ya cheti.

Lakini padri hakukasirika. Anaandika, "Nikajua ni wewe, Anselmi. Umengoja miaka mingi, ukanirudishia. Ni haki yangu." Na hapo ndipo nilipoanza kusoma polepole, kwa sababu maneno yaliyofuata hayakuwa ya kuchekwa.

Anasema ulikuwa jikoni kwake, kijana wa kukata vitunguu na kupeleka sahani mezani. Ulituambia umesoma chuo cha ng'ambo, Mesiye. Nikasita, nikataka kuruka mstari kwa ajili ya heshima yako, lakini Mama Vero akasema, "Soma tu, shemeji. Mimi nilijua siku nyingi. Hakuna karani anayekata vitunguu namna ile." Basi nikasoma. Anasema Kifaransa ulikipata kwa kusikia, na wao walikuwa wanakusemesha kwa ile "wewe" ndogo, nawe ukawarudishia ile ile waliyokupa, maana nyingine hukuwahi kupewa. Hakuna aliyekusahihisha. Yeye alijua, akaacha, kwa sababu wageni walikuwa wanachekeshwa. Siku moja alikuja Askofu, nawe ukainama na bakuli, ukamwuliza, "Wewe, unataka mchuzi tena?" Meza nzima ikaangua kicheko. Na padri akakuita urudi, urudie kusema, ili wale wa mwisho wa meza nao wasikie. Ukarudia, kwa sababu hukujua. Kisha mtu fulani jikoni akakueleza wanacheka nini. Kesho yake hukuonekana.

Anaandika hivi, nanakili jinsi ilivyo: "Nilicheka mimi kwanza, wengine walinifuata. Nimezeeka, na kicheko kile kinanirudia nikisali. Nakuandikia kwa Kiswahili, maana ndani yake wewe ni wewe tu, na mimi ni wewe kwako. Nisamehe. Ukinijibu nitafurahi sana. Usipojibu, mimi na mke wangu tutaelewa."

Mama Vero alilia hapo. Nami sikulia mbele yake, lakini nilirudi barazani nikakaa, na sikushona. Nilikuwa nafikiria ile siku ya Bonifasi. Kumbe kijana wa watu hakukukosea sana. Alikuwa amefanya kosa lako mwenyewe, kwa namna ile ile uliyolifanya wewe, na ungeweza kumsamehe kabla hajaachia mkono wako. Kilichokuchoma ni baraza kucheka. Aliyecheka kwanza ni mimi. Wengine walinifuata.

Ndoa imefungwa Jumamosi iliyopita. Gauni nilishona mimi, na halikubana kwapani. Bonifasi ameongezewa mkataba, watakaa Geita, na Vero ameanza tena kuimba, Mama Vero anasema hata sana. Jumapili walikuja kaburini kabla ya kuondoka. Bonifasi akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake mpya akasema, "Shikamoo, baba." Ilikuwa vibaya kumwacha mtoto wa watu bila kuitikiwa, nami mtani nina ruhusa, nikamwitikia marahaba kwa sauti yako ya puani. Vero akanipiga kofi la mgongo, anacheka na machozi.

Lililobaki ni jibu la padri. Kule hawajui kwamba umekufa, na yeye ni mzee, kila siku anangoja. Basi leo asubuhi nimemwandikia. Kiswahili, karatasi moja, nimeanzia juu. Nimemsalimu yeye na mke wake. Nimemwambia umefariki kwa homa, umezikwa vizuri, na kwamba kabla ya kufa ulimsamehe kwa kinywa chako. Ni uongo, najua. Hukuwahi hata kunitajia jina lake. Lakini mtani humsemea maiti, na kama hukubali, inuka uje uandike mwenyewe. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, nawe umelala kimya huna la kubisha, nikaongeza mstari mmoja chini yake usiomhusu padri hata kidogo. Nimeandika kwamba na yule fundi wa barazani pia umemsamehe. Kisha nikatia sahihi, jina lako, na mikia yake yote. Padri atashangaa marehemu anavyotangaza kifo chake mwenyewe, lakini mtu mwenye mke na watoto watatu amekwisha kuzoea mambo yetu.

Kwaheri, ndugu yangu. Nakuahidi hili, na hili si utani: akija mtu yeyote barazani kwetu na lugha aliyoiokotea jikoni, nitangoja acheke yeye kwanza.

Mtani wako,
Kondo